Je, hospitali yako hujikagua?

Mtu akiingia hospitalini mjini, kitu cha kwanza anachotazama aghalabu ni urefu wa foleni, na cha pili ni bei. Ni wagonjwa wachache mno ambao huinua macho wakaisoma karatasi iliyotiwa ndani ya fremu ukutani, karibu na dirisha la malipo. Karatasi hiyo ni leseni. Hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), ambalo kabla ya mwaka 2019 lilijulikana kama Bodi, nayo huonyesha jina la hospitali, kiwango chake, na mwaka ambao inaruhusiwa kufanya kazi. Kiwango ni jambo muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kliniki ya Kiwango cha 2, kwa mfano, ni mahali pa kutibiwa na kurudi nyumbani. Ukilazwa humo kwa siku tatu, au ukaambiwa utapasuliwa humo kesho asubuhi, una sababu ya kuuliza maswali.

Duka la dawa lililo ndani ya hospitali hiyo lina leseni yake kutoka kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Maabara ina yake. Mashine ya eksirei nayo iko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019, na wahudumu wake wanatakiwa kuvaa kile kibandiko kidogo kinachopima miale waliyoipokea mwilini.

Hata hivyo, leseni hukueleza tu jinsi hospitali ilivyokuwa siku ambayo wakaguzi walifika, na siku hiyo, kama ijulikanavyo, sakafu hung'aa na kila muuguzi huwa amevaa jina lake kifuani. Swali ambalo wewe mgonjwa unapaswa kujiuliza ni hili: siku zile nyingine 364, ni nani anayechunguza kama mambo yanaendeshwa inavyotakikana? Jibu ni kwamba hospitali yenyewe inapaswa kujichunguza. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa ukaguzi wa ndani, na makala haya yatakueleza jinsi inavyofanywa na kwa nini inakuhusu wewe hata kama hujawahi kulazwa maishani mwako.

Watu wakisikia neno ukaguzi hufikiria fedha, vitabu vya hesabu na mhasibu aliyekimbia. Fedha zimo, na nitazifikia. Lakini katika hospitali, kitu cha kwanza kinachokaguliwa ni matibabu yenyewe.

FAILI MOJA

Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua mafaili. Mkaguzi huchagua, tuseme, mafaili 20 ya wagonjwa walioondoka mwezi uliopita. Huyachagua kwa bahati nasibu, wala hakubali kuletewa yale ambayo msimamizi wa wadi ameyapanga vizuri mezani. Kisha hulifuata kila faili kutoka getini hadi mgonjwa alipotoka. Je, jina la mgonjwa linafanana katika kila ukurasa? Imeandikwa mahali kama kuna dawa inayomdhuru? Dawa iliyoandikwa na daktari ilitolewa saa ngapi, na ni nani aliyetia sahihi? Majibu ya maabara yalirudi kabla mgonjwa hajaenda nyumbani, au yaligundishwa siku mbili baadaye bila mtu kuyasoma? Karatasi ya idhini ya upasuaji ilitiwa sahihi kabla ya upasuaji au baada yake?

Chukua mfano wa malaria. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka mgonjwa apimwe damu kabla ya kupewa dawa. Mkaguzi huchukua mafaili ya watoto 20 waliopewa dawa ya malaria na kuhesabu ni wangapi waliopimwa. Tuseme anapata 12. Hapo kazi ndiyo kwanza imeanza. Inambidi aulize kwa nini wale 8 hawakupimwa. Huenda akagundua kwamba wote walifika baada ya saa kumi na moja jioni, na mtu wa maabara huondoka saa kumi. Basi dawa ya tatizo hilo si kumwandikia daktari wa zamu ya usiku barua ya onyo. Ni kuhakikisha kwamba vile vipimo vya haraka, vya tone moja la damu, vinawekwa katika chumba cha zamu, na kumfundisha muuguzi kuvitumia. Miezi mitatu baadaye mkaguzi anarudi na kuhesabu tena mafaili 20.

Hatua hii ya mwisho, ya kurudi na kuhesabu tena, ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ripoti huandikwa, mkutano huitwa, chai hunywewa, na jambo likaishia hapo. Kwa maoni yangu, ukaguzi ambao haukurudiwa haustahili kuitwa ukaguzi.

Kuna sehemu moja ya hospitali ambayo mkaguzi hapaswi kuiruka kamwe, nayo ni kabati la dawa kali za maumivu, kama morphine na pethidine. Kabati hilo linatakiwa kufungwa kwa kufuli wakati wote, na rejista yake kuonyesha kila kichupa kilichotoka: kilitolewa tarehe gani, saa ngapi, kwa mgonjwa yupi, kwa amri ya daktari gani, na ni vingapi vilivyobaki. Zamu zinapobadilishana, wauguzi wawili huhesabu kwa macho na kutia sahihi. Mkaguzi naye hufika bila kutarajiwa, akahesabu mwenyewe, kisha akalinganisha rejista na mafaili ya wagonjwa waliotajwa humo.

Kwa nini shughuli yote hiyo kwa sababu ya vichupa? Kwa sababu dawa hizi huibwa, na wanaoziiba huwa ama wamezizoea wenyewe au wanaziuza. Na kichupa kikiibwa, kuna mtu wodini ambaye hakukipata. Mzee aliyevunjika paja hulia usiku kucha huku rejista ikisema alidungwa mara mbili. Jamaa zake wakilalamika asubuhi, huonyeshwa rejista, na mzee huonekana ni mtu asiyeweza kuvumilia. Njia ya kuligundua jambo hilo ni kulinganisha daftari na kitanda, kisha kumuuliza mgonjwa mwenyewe.

Sehemu nyingine nitazitaja kwa haraka. Friji ya chanjo, ambayo joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8 na kuandikwa asubuhi na jioni, hata Jumapili. Visanduku vya sindano zilizotumika, ambavyo hufungwa vikijaa robo tatu, wala havishindiliwi hadi vikafurika. Mtambo wa kuchemshia vyombo vya upasuaji. Mitungi ya oksijeni. Jenereta, ambayo mara nyingi huwa nzima ila haina mafuta.

TIKI BILA KAZI

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya mambo 19 ambayo kila chumba cha upasuaji kinatakiwa kuyahakikisha: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kukatwa ngozi, na kabla ya kuondolewa chumbani. Ni mambo ambayo ungedhani hayahitaji kuandikwa. Huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande upi? Amepewa dawa ya kuzuia viini? Sindano na vitambaa vilivyohesabiwa mwanzoni ndivyo vilivyohesabiwa mwishoni?

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, baadhi yazo za matajiri, kama vile za London, Toronto na Seattle, na nyingine za nchi zenye uhaba. Moja ilikuwa hapa karibu, mjini Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kabla ya orodha kutumika, wagonjwa waliokufa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 1.5. Baada ya hapo walikuwa asilimia 0.8. Waliopata matatizo makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi moja, hayo ni mafanikio ambayo hakuna dawa mpya ingeyapata kwa urahisi.

Serikali nyingi ziliagiza hospitali zake zitumie orodha hiyo. Katika mkoa wa Ontario, Kanada, hospitali zilitakiwa kuitumia na kutoa taarifa kwamba zinaitumia, na karibu zote ziliripoti kuwa zinafuata agizo kikamilifu. Watafiti walipozichunguza hospitali 101 za mkoa huo na kuchapisha matokeo mwaka 2014, hawakuona upungufu wa maana wa vifo. Karatasi ilikuwa ile ile. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu, lakini maelezo ambayo mimi nayaona yana uzito ni kwamba kutia tiki si sawa na kusimama, kunyamaza, na kumuuliza mgonjwa jina lake. Mtu anaweza kujaza orodha nzima akiwa ofisini anakunywa chai, mgonjwa akiwa ameshashonwa.

Sisi Wakenya tuna mfano ambao hatujausahau. Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa ili kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, na madaktari wakagundua wakiwa katikati ya kazi kwamba damu hiyo haipo. Aliyestahili kupasuliwa alikuwa mwingine. Vibandiko vya majina vilikuwa vimebadilishana. Wahudumu kadhaa walisimamishwa kazi, mkurugenzi akapewa likizo ya lazima, na magazeti yakajaa hasira. Hasira hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, mkaguzi mzuri angeanza kwa swali tofauti: kati ya wagonjwa 30 waliopelekwa kupasuliwa wiki hii, ni wangapi ambao kibandiko chao kilisomwa na watu wawili mlangoni? Angeuliza swali hilo wiki ambayo hakuna lililoharibika, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

MADAI YA BIMA

Sasa tugeukie fedha, kwa kuwa hatari mpya nyingi zimeingia kupitia mlango huu. Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, na kila mwajiriwa akaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Madai ya hospitali sasa hupelekwa kwa kompyuta. Mwaka uliofuata, 2025, Wizara ya Afya na SHA zilisimamisha makumi ya hospitali na zahanati kwa tuhuma za ulaghai. Makosa yaliyotajwa yalikuwa ya aina chache tu: mgonjwa wa nje kuandikwa kuwa alilazwa, huduma ambayo haikutolewa kudaiwa, na huduma rahisi kuandikwa kama ya bei ya juu.

Mfano wa aina hiyo ya tatu ni uzazi. Katika viwango vya SHA vilivyoanza kutumika mwaka 2024, hospitali hulipwa Sh10,000 mama akijifungua kwa njia ya kawaida, na Sh30,000 akijifungua kwa upasuaji. Tofauti ya Sh20,000 ni kishawishi kikubwa kwa karani mwenye tamaa au mwenye hospitali anayedaiwa kodi ya nyumba.

Mkaguzi wa ndani hahitaji kuwa mpelelezi ili kuligundua hilo. Huchukua orodha ya madai ya mwezi na kuiweka kando ya rejista ya chumba cha upasuaji. Madai yanasema akina mama 22 walipasuliwa, rejista ina 13. Au huhesabu vitanda: hospitali ina vitanda 20, ilhali usiku wa tarehe fulani imedai wagonjwa 34 waliolala humo. Hutazama pia stoo, kwani upasuaji hutumia nyuzi, glavu na dawa ya usingizi, na vitu hivyo vina hesabu yake.

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo kati ya hospitali na serikali. La, hasha. Mama aliyejifungua kwa kawaida akaandikwa kwamba alipasuliwa anabaki na uongo huo ndani ya faili lake. Akishika mimba nyingine na kwenda kwingine, daktari atasoma kwamba ana kovu kwenye tumbo la uzazi, na kovu hilo hubadilisha mambo mengi: iwapo ataruhusiwa kusukuma, iwapo atapewa dawa ya kuanzisha uchungu, ni hospitali gani anayostahili kujifungulia. Uamuzi unaogusa maisha yake na ya mtoto utatokana na tamaa ya karani aliyemwandikia upasuaji ambao haukuwapo. Kadhalika mtu aliyeandikwa kwamba ana kisukari au figo mbovu ili dai lipande, atakutana na jina la ugonjwa huo siku atakapoomba bima ya kibinafsi.

Kwa sababu hiyo, usitie sahihi fomu ambayo haijajazwa. Ukiombwa kuweka kidole kwenye mashine, uliza kwanza ni huduma gani inayoandikwa. Ukiletewa ujumbe katika simu kuhusu matibabu ambayo hukuyapata, usiufute. Na unapotoka, dai muhtasari wa matibabu yako pamoja na bili iliyogawanywa, kitu kimoja kimoja na bei yake. Soma jina la ugonjwa lililoandikwa humo. Kama hulielewi, mwambie daktari akueleze kwa Kiswahili.

SIRI YAKO

Hatari nyingine ambayo miaka 20 iliyopita haikuwapo ni ya siri kusafiri kwa simu. Zamani faili lako lilikuwa kabatini, na aliyetaka kulichungulia alihitaji ufunguo. Leo muuguzi akipiga picha ya eksirei yako kwa simu yake ili amwombe daktari bingwa ushauri, nia yake inaweza kuwa njema kabisa, lakini picha ikiwa na jina lako imeshaingia katika kikundi cha watu 60.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa juu. Habari zikivuja na kukuweka hatarini, hospitali inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi iliyo ndogo.

Nimekwisha kuona, zaidi ya mara moja, nenosiri likiwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kwenye kompyuta ya wadi ili zamu nzima ilitumie. Mahali kama hapo ukaguzi huwa mgumu, kwa kuwa kompyuta itasema kwamba faili lako lilifunguliwa saa nane usiku na mtu mmoja, kumbe watu tisa hutumia jina hilo. Kila mhudumu anapaswa kuwa na nenosiri lake, na mara kwa mara mkaguzi achapishe orodha ya waliofungua mafaili ya, kwa mfano, wafanyakazi wenzao, wanasiasa, na wagonjwa wa kliniki ya Ukimwi. Aliyefungua bila kuwa anamtibu mgonjwa huyo aulizwe.

NANI AKAGUE?

Wenye hospitali ndogo husema kwamba hawana fedha za kuajiri mkaguzi. Ni kweli kwamba kliniki yenye wafanyakazi sita haiwezi kuwa na idara ya ukaguzi. Lakini kliniki mbili za mtaa mmoja zinaweza kubadilishana: muuguzi wa hapa akague mafaili ya kule kila robo ya mwaka, akiwa ameapa kutunza siri na mafaili yakiwa yamefunikwa majina inapowezekana, na wa kule akague ya hapa. Gharama ni daftari moja na nauli.

Katika hospitali kubwa, jambo la kuangalia ni mkaguzi anampelekea nani ripoti yake. Akiripoti kwa mkuu wa fedha, hataandika lolote baya kuhusu fedha. Akiripoti kwa daktari mkuu, hataandika lolote baya kuhusu madaktari. Anapaswa kuripoti kwa bodi ya hospitali, na wahudumu wa chini wawe na njia ya kumfikia bila kupitia kwa bosi wao. Muuguzi mdogo ndiye anayejua ni daktari gani hafiki kwenye zamu yake na ni dawa gani huisha kabla ya mwezi kuisha. Akijua kwamba atakayesema ndiye atakayefutwa, atanyamaza, na mkaguzi atabaki akihesabu karatasi safi.

Wewe nawe unaweza kuuliza, bila ugomvi: hospitali hii ina kamati ya ubora? Sanduku la malalamiko hufunguliwa na nani, na mara ngapi? Mwulize msimamizi swali hilo, si mlinzi. Nimewahi kuona masanduku ambayo ufunguo wake ulipotea kabla ya janga la korona.

Mambo mawili hayahitaji kamati yoyote kuyaamua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo hospitali haiwezi kumwacha majeruhi barazani hadi amana ilipwe. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika Hospitali ya Pumwani kwa kushindwa kulipa, kwamba kuwazuilia wagonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zao. Deni hubaki kuwa deni, na hospitali inaweza kulidai kwa njia za kisheria, lakini wodi haiwezi kugeuzwa kuwa rumande.

Ukiwa na malalamiko, yaandike siku hiyo hiyo kabla hujasahau: tarehe, saa, wadi, majina yaliyo kwenye vibandiko vya wahudumu, na uliyoambiwa. Ambatisha nakala za bili na muhtasari wa matibabu, ukibaki na zile za asili. Peleka barua ya kwanza kwa msimamizi wa hospitali na umwambie akugongee muhuri wa kupokewa kwenye nakala yako. Usipopata jibu la kuridhisha, KMPDC hupokea malalamiko kuhusu daktari na hospitali, wala si lazima uwe na wakili. Iwapo aliyekuhudumia ni muuguzi, peleka kwa Baraza la Wauguzi. Na kama una shaka iwapo yule anayejiita daktari ni daktari kweli, jina lake linaweza kutafutwa katika orodha ya KMPDC, ambayo iko wazi kwa kila mtu kwenye mtandao.